Bendera za ufukweni: namna ya kuzisoma kabla hujatia mguu majini

#1 Nanga_Chini

Wakuu, salaam. Nafungua uzi huu kwa sababu watu wengi wakiona bendera ufukweni huisoma kama taa za barabarani: kijani pita, nyekundu simama, basi. Bendera za ufukweni haziko hivyo. Ziko za aina tatu, kila aina inajibu swali lake, na unaweza kukuta mbili au tatu zinapepea kwa wakati mmoja bila kupingana.

Aina ya kwanza inaonyesha ENEO. Bendera ya nusu mbili, nyekundu juu na njano chini, husimikwa kwa jozi. Maana yake: kati ya hizi mbili waokoaji wapo na wanaangalia, ogelea humu. Ile ya miraba minne, miwili myeusi na miwili myeupe, nayo huwekwa kwa jozi, lakini kati yake ni pa mbao za mawimbi (zile za kusimama na kuteleza juu ya wimbi), kayaki na vyombo vidogo. Muogeleaji hapamhusu. Ubao wa mawimbi ukimpiga mtu kichwani anaweza kuzirai ndani ya maji, na hiyo ndiyo sababu ya kuwatenganisha.

Aina ya pili inaonyesha HATARI YA MAJI. Njano tupu ni hatari ya wastani: mawimbi au mikondo ipo, asiyeogelea vizuri asiingie, na anayeingia awe makini. Nyekundu ni hatari kubwa. Nyekundu mbili, moja juu ya nyingine kwenye mlingoti mmoja, maji yamefungwa kwa kila mtu.

Aina ya tatu inataja JAMBO MOJA MAHUSUSI. Zambarau ni viumbe wanaodhuru: konyeza (wale wenye mwili kama ute), samaki aina ya taa, nyoka wa baharini. Njano yenye duara jeusi katikati inakataza mbao za mawimbi. Mfuko wa upepo wa rangi ya chungwa unasema upepo unavuma kutoka bara kwenda baharini, kwa hiyo maboya na magodoro ya kujaza hewa yasiingie majini.

Mpangilio huu unatambuliwa na Shirikisho la Kimataifa la Uokoaji (ILS), na upo katika kiwango cha ISO 20712 (ISO ni Shirika la Kimataifa la Viwango), ambacho sehemu yake ya 2, ya mwaka 2007, inahusu bendera pekee: rangi, umbo, maana na ubora wa kitambaa. Ila kiwango cha ISO si sheria. Kila nchi inachukua inachotaka, na hapo ndipo watu wanapoponzwa. Karibuni tujadili.

#2 BintiUfuo

Shukrani mkuu Nanga. Hapo kwenye nyekundu moja na nyekundu mbili naomba ufafanuzi. Kama moja ni hatari kubwa na mbili ndiyo kufungwa, basi mtu akikuta moja anaruhusiwa kuingia?

#3 Darubini7

Dada BintiUfuo, inategemea uko nchi gani, na hili ndilo kosa baya kuliko yote katika somo zima.

Katika mfumo wa waokoaji wa Marekani, nyekundu moja inasema mawimbi au mikondo ni mikali, watu wote wanashauriwa wasiingie, na atakayeingia achukue tahadhari kubwa. Haijafunga maji. Kinachofunga ni nyekundu mbili, na katika baadhi ya maeneo ya Florida kuingia majini zikiwa zimepandishwa ni kosa la kisheria, unaweza kutozwa faini.

Uingereza, Australia, Ufaransa na Hispania, nyekundu MOJA tayari ni marufuku. Hakuna kusubiri ya pili.

Sasa fikiria mgeni aliyezoea mfumo wa kwanza amefika kwenye mfumo wa pili. Anaona nyekundu moja, anajiambia "bado haijafungwa". Kwa hiyo popote ulipo, nyekundu moja ichukulie kuwa imefungwa. Ukikosea kwa upande huo umepoteza kuoga tu.

Tena katika baadhi ya nchi, badala ya nyekundu mbili hutumika nyekundu moja yenye picha ya muogeleaji aliyekatwa kwa mstari wa mshazari. Maana ni ileile ya kufungwa.

#4 Kupwa_Kujaa

Niongezee kwa Darubini. Hata ndani ya nchi moja mambo hubadilika. Ufaransa kwa miaka mingi bendera za hatari zilikuwa za pembetatu, na eneo la kuogelea liliwekewa alama za buluu. Amri ya serikali ya tarehe 31 Januari 2022 ikabadilisha: bendera zikawa za mstatili, na eneo linalolindwa likaanza kuonyeshwa kwa nyekundu na njano kama kwingineko duniani. Zambarau, miraba myeusi na myeupe, na mfuko wa chungwa navyo vikaingia. Mtu anayetumia kitabu cha utalii cha kabla ya hapo anasoma bendera ambazo hazipo.

Ndiyo maana ubao wa maelezo kwenye lango la ufuko husomwa kwanza, bendera baadaye. Ubao mzuri huchora bendera zote zinazotumika hapo, hutaja saa za waokoaji kuanza na kumaliza kazi, na huonyesha mahali mikondo inapokaa mara kwa mara.

#5 mzamiaji_huru

Mbona hamjaitaja kijani? Fukwe nyingi zinaipandisha.

#6 Nanga_Chini

Ipo, na sikuiweka makusudi. Hispania, Ufaransa na Florida wanaitumia, maana yake maji yametulia, hatari ni ndogo. "Ndogo" si "hakuna". Mimi si shabiki wake. Bendera ya onyo kazi yake ni kuonya. Ukimpa mtu kijani unampa kibali, na akishapata kibali haangalii tena maji. Mtoto anazama kimyakimya kwenye maji yaliyotulia ya kina cha kiuno.

#7 Darubini7

Hapo tunatofautiana, mkuu. Usipokuwa na kijani, mlingoti mtupu unabaki na maana mbili: ama maji yametulia, ama mwokozi hajafika. Hizo hali mbili haziwezi kufanana machoni pa mgeni. Kijani angalau inathibitisha kwamba kuna mtu ameyakagua maji leo.

#8 Nanga_Chini

Hoja ya mlingoti mtupu naikubali, ila jibu lake ni jozi ya nyekundu na njano. Hiyo ndiyo inayothibitisha kuwa waokoaji wapo. Jozi ikiwa imesimama na hakuna bendera ya hatari, maana yake maji ni ya kawaida na yanaangaliwa. Jozi isipokuwepo, hakuna anayekuangalia, hata kama ulimwona mtu mwenye fulana ya mwokozi akipita na baiskeli.

Na wote tuweke hili kichwani: kutokuwepo kwa bendera HAKUMAANISHI usalama. Waokoaji wakimaliza zamu wanashusha kila kitu. Mkondo uliokuwepo saa kumi na moja na dakika hamsini bado upo saa kumi na mbili na dakika tano.

#9 BintiUfuo

Swali lingine. Nani anaamua rangi, na anaangalia nini hasa? Kuna siku mawimbi yanaonekana madogo kabisa na bado wamepandisha nyekundu, watu wanalalamika.

#10 Kupwa_Kujaa

Mwokozi mkuu wa zamu ndiye anayeamua. Hukagua kabla ya kufungua, kisha hurudia kila baada ya muda na kila hali inapobadilika: upepo ukigeuka, maji yakianza kupwa, mvua ikinyesha, watu wakiongezeka.

Kuhusu mawimbi "madogo": urefu wa wimbi ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni muda kati ya wimbi na wimbi. Hesabu ya haraka ya nguvu ya mawimbi kwenye maji ya kina ni hii: zidisha urefu kwa urefu, zidisha kwa sekunde, gawanya kwa 2. Jibu ni kilowati kwa kila mita moja ya upana wa wimbi.

Wimbi la mita 1 linalokuja kila sekunde 6: 1 × 1 × 6 ÷ 2 = kilowati 3.
Wimbi la mita 1 linalokuja kila sekunde 14: 1 × 1 × 14 ÷ 2 = kilowati 7.

Urefu uleule, nguvu zaidi ya mara mbili. Haya ya sekunde 14 yametengenezwa na dhoruba iliyo mbali sana, huenda ufukweni hakuna hata upepo. Na yana tabia mbaya: huja kwa makundi. Yanapiga makubwa kadhaa mfululizo, kisha bahari inanyamaza dakika kadhaa. Anayefika wakati wa ukimya anaona bahari shwari na bendera nyekundu, anahitimisha kuwa mwokozi amezembea kuishusha. Anaingia. Kundi linalofuata linamkuta kiunoni.

Ndiyo maana kabla ya kuilaumu bendera, simama uangalie maji dakika kumi nzima. Dakika mbili hazitoshi kuona kundi zima.

#11 mzamiaji_huru

Na mkondo wa kuvuta unahusikaje? Huo ndio naona unatajwa kila mahali.

#12 Darubini7

Unahusika sana, kwenye fukwe za mawimbi ndio unaosababisha kazi nyingi za uokoaji.

Mawimbi yanasukuma maji kuja nchi kavu. Maji hayo lazima yarudi. Yanatafuta njia iliyo rahisi, yaani pengo kati ya mafungu ya mchanga, mlango katika mwamba, au pembeni ya gati na kuta za mawe, halafu yanatoka hapo kwa kasi kama mto mwembamba kuelekea kilindini. Kasi ya kawaida ni kama mita 0.3 hadi 0.6 kwa sekunde. Imewahi kupimwa hadi mita 2.4 kwa sekunde, ambayo inamshinda hata muogeleaji wa Olimpiki.

Mtego wake uko kwenye sura. Mahali pa mkondo mawimbi hayavunjiki vizuri kwa sababu maji ni ya kina zaidi, kwa hiyo panaonekana pametulia kuliko pembeni. Familia inayotafuta pa kuogesha watoto inachagua hapohapo. Tafuta dalili hizi: ukanda mweusi zaidi kati ya maji meupe ya povu, povu au majani yanayoelea kwenda nje badala ya kuja ufukweni, na maji yenye vumbi la mchanga yanayochomoza ng'ambo ya mstari wa mawimbi.

Ukinaswa, usiogelee kurudi moja kwa moja. Mkondo unakusogeza, haukuzamishi. Kinachoua ni kuchoka na kuhamaki. Elea, pumua, inua mkono mmoja na uupunge kushoto na kulia ili mwokozi akuone. Ukiwa na nguvu, ogelea sambamba na ufuko kuelekea mahali mawimbi yanapovunjika, kisha rudi nayo. Ukihisi maji yanakurudisha unapokwenda sambamba, geuka ujaribu upande wa pili.

#13 BintiUfuo

Kumbe ndiyo maana jozi ya nyekundu na njano huwa wanaihamisha mchana? Nilidhani ni kuwafuata watu wengi walipo.

#14 Kupwa_Kujaa

Kinyume chake dada, watu ndio wanatakiwa kuzifuata. Zinahamishwa kwa sababu mafungu ya mchanga hayawi salama saa zote. Fungu lenye maji ya magotini wakati wa kupwa linaweza kuwa na maji ya shingoni baada ya saa tatu, na pengo lililokuwa limelala linaanza kuvuta. Fukwe nyingi mkondo huzidi makali maji yanapokupwa, kwa kuwa maji yanabanwa kwenye mapengo.

Kwa pwani zenye kupwa na kujaa mara mbili kwa siku, waokoaji hutumia kanuni ya sehemu kumi na mbili. Gawa tofauti ya maji kujaa na kupwa kwa 12. Katika saa sita, maji husogea sehemu 1, 2, 3, 3, 2, 1. Tuseme ni bamvua, yaani siku za maji makubwa, na tofauti ni mita 3.6:

saa ya 1: mita 0.3
saa ya 2: mita 0.6
saa ya 3: mita 0.9
saa ya 4: mita 0.9
saa ya 5: mita 0.6
saa ya 6: mita 0.3

Kama ufuko una mteremko wa mita 1 kwa kila mita 40, basi mita 0.9 za saa ya 3 ni mita 36 za mchanga. Ukingo wa maji umehama mita 36 ndani ya saa moja! Bendera iliyosimikwa ukingoni saa mbili zilizopita sasa iko mbali kabisa na maji, au imezungukwa nayo. Kwa hiyo saa mbili za katikati ndizo za kuhangaika na milingoti. Mwanzo na mwisho maji yanasogea polepole.

Kwa muogeleaji: kila baada ya dakika chache inua kichwa uangalie bendera zako mbili. Mkondo unaopita sambamba na ufuko hukuhamisha bila wewe kuhisi. Ukiona bendera zote mbili ziko upande mmoja wako, umeshatoka. Toka majini, tembea kwa miguu kurudi katikati, uingie upya. Usiogelee kupambana nao.

#15 Fundi_Mlingoti

Wadau, mmeongea maana, niongee vyombo, maana bendera isiyoonekana ni sawa na haipo.

Kitambaa. Poliesta iliyofumwa inavumilia jua na upepo mkali, nailoni ni nyepesi na inapepea kwa upepo mdogo lakini jua huila mapema. Nyekundu ndiyo hupauka kwanza: inakuwa waridi, kisha chungwa lililochoka. Nyekundu iliyopauka karibu na njano ni hatari, kwa mbali huwezi kuzitenganisha. Weka bendera mpya moja ndani ya boksi, isione jua, na kila mwezi uilinganishe na ile inayotumika, mkiwa nje mchana. Tofauti ikionekana bila kubishana, badilisha. Usisubiri ichanike.

Upepo ukikosekana, bendera inalala kwenye mlingoti na nusu ya njano inafichwa na nyekundu. Dawa yake ni ufito. Shona pindo la juu liwe mfuko, pitisha ufito mwepesi wa plastiki au faibaglasi ndani yake, ufunge ncha kwenye mlingoti ili ukae mlalo. Bendera inabaki wazi hata kukiwa shwari. Mvua pia hugandisha kitambaa kwenye mlingoti, na ufito unatibu hilo.

Milingoti ya kuhamishwa: zika robo ya urefu. Mlingoti wa mita 3 unataka sentimita 75 chini, na mchanga ulowe maji kisha ushindiliwe. Ule wa kudumu wenye kapi na kamba, kagua kapi kila wiki. Chumvi inalishika, kamba inagoma katikati, na hapo una nyekundu nusu mlingoti ambayo hakuna anayejua maana yake.

Zile mbili nyekundu, acha nafasi kati yake. Zikigusana, kwa mbali ni bendera moja ndefu.

#16 mzamiaji_huru

Fundi, ukubwa je? Ipo hesabu?

#17 Fundi_Mlingoti

Ipo, anza na jicho. Jicho zima linatenganisha vitu viwili vyenye tofauti ya dakika moja ya nyuzi, yaani sehemu moja ya 60 ya nyuzi moja ya pembe. Kwa umbali wa mita 300 hiyo ni kama sentimita 9, kwa mita 500 ni kama sentimita 15.

Chukua bendera ya nyekundu na njano yenye kimo cha sentimita 75. Kila nusu ni sentimita 37. Kwa mita 300 kila nusu ni zaidi ya mara nne ya kipimo cha jicho, inasomeka. Kwa mita 500 ni mara mbili na nusu tu, na rangi hupotea kabla ya umbo. Unaona kitambaa kipo, hujui ni cha rangi gani. Kwa hiyo ufuko mrefu unahitaji milingoti zaidi au bendera kubwa. Na hapo nimezungumzia hali nzuri. Weka ukungu, au jua liwe nyuma ya bendera, kila rangi inageuka kivuli cheusi. Asubuhi na jioni nenda usimame upande wa watu wanakoingilia, uone wanachokiona wao.

#18 Darubini7

Fundi amegusa jambo ninalolipigania. Wasiotofautisha nyekundu na kijani si wachache: kwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini ni karibu mwanamume 1 kati ya 12 na mwanamke 1 kati ya 200. Kwa mtu huyo bendera nyekundu na bendera ya kijani zinaweza kuwa vitambaa viwili vya rangi moja ya udongo. Nyekundu na njano haimsumbui, kwa kuwa hata asipoziona rangi anaona nusu nyeusi juu ya nusu angavu. Miraba myeusi na myeupe vilevile. Nyekundu mbili anazihesabu.

Hii, mkuu Nanga, inanifanya nikubaliane nawe nusu kuhusu kijani. Anayeitumia aiwekee ubao wenye MAANDISHI chini ya mlingoti: HATARI NDOGO, HATARI KUBWA, MAJI YAMEFUNGWA. Ubao wa kuning'inizwa kwa kulabu mbili unabadilishwa kwa sekunde chache.

#19 Nanga_Chini

Hapo tuko pamoja.

#20 BintiUfuo

Nimeona picha ya bendera ya miraba minne, ila nyekundu na nyeupe. Hiyo hamjaitaja.

#21 Kupwa_Kujaa

Hiyo ina maana mbili zinazokaribiana, na tofauti yake ni ya kujua mapema.

Australia ni bendera ya dharura: tokeni majini sasa hivi. Inaweza kuwa papa, inaweza kuwa jambo jingine, mara nyingi pamoja na king'ora. Ukishafika kwenye mchanga umetii.

Japani ni bendera ya tsunami. Mamlaka yao ya hali ya hewa iliiingiza rasmi mwezi Juni 2020, kwa ajili hasa ya viziwi, na kwa watu walio majini ambao upepo na mawimbi vinawazuia kusikia king'ora. Mchoro wake unafanana na bendera ya herufi U katika alama za kimataifa za mabaharia, inayosema "unaelekea kwenye hatari". Japani kufika kwenye mchanga HAKUTOSHI. Acha viatu, acha begi, panda mahali pa juu au jengo imara la ghorofa, na usirudi baada ya wimbi la kwanza, maana yanayofuata yanaweza kuwa makubwa zaidi.

Usipojua uko kwenye mfumo upi, na hasa kama ardhi imetikisika au maji yamekupwa ghafla kupita kawaida, fuata ya Japani.

#22 mzamiaji_huru

Na papa wana bendera yao?

#23 Darubini7

Cape Town, Afrika Kusini, wanayo. Mpango wa waangalizi wa papa ulianza mwaka 2004, watu wanakaa mlimani na darubini juu ya fukwe kama Muizenberg na Fish Hoek. Kijani: maji yanaonekana vizuri, papa hajaonekana. Nyeusi: maji hayaonekani vizuri, kwa hiyo mwangalizi hawezi kusema lolote. Nyekundu: tahadhari kubwa. Nyeupe yenye picha nyeusi ya papa, pamoja na king'ora: papa ameonekana, toka majini.

Naipenda ile nyeusi. Inamwambia mtu kwamba mwangalizi yupo ila macho yake hayafiki, na hakuna mfumo mwingine wa bendera niujuao unaosema hivyo waziwazi.

Angalia sasa: nyekundu ya papa na nyekundu ya mawimbi ni bendera mbili tofauti kwenye ufuko mmoja. Rudi kwenye ubao wa lango.

#24 BintiUfuo

Ile bendera ya buluu kwenye fukwe za hoteli nayo ni ya usalama?

#25 Nanga_Chini

Hapana dada. Hiyo ni tuzo. Ilianza Ufaransa mwaka 1985, ikaenea Ulaya kuanzia 1987, na inatolewa kwa fukwe zinazotimiza masharti ya ubora wa maji, usafi, elimu ya mazingira na huduma, zikiwemo za usalama. Inaweza kupepea siku yenye nyekundu mbili. Kuhusu mawimbi ya leo haisemi kitu.

Zambarau nayo watu huikosea hivyohivyo. Ukiona zambarau peke yake usidhani mawimbi ni salama. Yenyewe inataja viumbe tu. Ufaransa inatumika pia kwa maji machafu. Na baada ya mvua kubwa, hata pasipokuwa na bendera, kaa mbali na midomo ya mito na mifereji kwa saa 48 hadi 72, kwa sababu uchafu wa mji mzima umeshuka hapo.

#26 mzamiaji_huru

Mfuko wa chungwa. Upepo wa kutoka bara unalaza mawimbi, bahari inakuwa kama kioo. Hatari iko wapi?

#27 Kupwa_Kujaa

Hapohapo penye kioo. Karibu na ufuko nyumba na miti vinakinga upepo, godoro linaelea taratibu. Likifika mita 50 nje, kinga imekwisha, upepo unalishika lote kwa kuwa liko juu ya maji na halina uzito. Kadiri linavyokwenda nje mawimbi yanakua, na mtoto aliyelala juu yake kwa kawaida anaangalia chini, haoni ufuko unavyorudi nyuma.

Mambo mawili. Godoro au mpira ukipeperushwa mtupu, uache uende. Wanaoufukuza huishiwa nguvu nje kabisa. Ukiwa umepanda na umeshachukuliwa, BAKI juu yake, lishike, punga mkono, piga kelele. Kitu kinachoelea kinaonekana mbali kuliko kichwa cha muogeleaji.

#28 Fundi_Mlingoti

Nikamilishe na radi, sijaona mtu ameitaja. Ukiona mmweko, hesabu hadi usikie ngurumo: sekunde 3 ni kama kilomita 1. Zikifika 30 au chini, yaani kilomita kama 10, watu watoke majini NA kwenye mchanga, waingie kwenye jengo au gari lenye bodi ya chuma iliyofungwa. Mwavuli na kibanda cha makuti havimsaidii mtu. Kurudi ni dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho, na ikinguruma tena hesabu inaanza upya.

Waokoaji wenzangu: bendera ya kufunga maji ipandishwe radi ikiwa bado mbali. Mlingoti wa chuma kwenye uwazi wa ufuko si mahali pa kusimama ukivuta kamba iliyolowa. Kama radi imeshakaribia, acha bendera ilivyo, tumia kipaza sauti na filimbi ukiwa ndani ya kituo.

#29 BintiUfuo

Na jioni mnafunga vipi? Mnashusha zote pamoja?

#30 Fundi_Mlingoti

Hapana, kwa mpangilio. Kwanza tangazo, dakika 15 kabla: waokoaji wanaondoka, tokeni majini. Kisha mtu mmoja anakagua eneo lote kwa darubini kutoka upande mmoja hadi mwingine, na mwingine anatembea ukingoni. Maji yakiwa hayana mtu, jozi ya nyekundu na njano inang'olewa, zote mbili kwa wakati mmoja. Bendera moja iliyosahaulika mchangani inamwambia mgeni wa jioni kwamba bado kuna mwokozi. Ya miraba myeusi na myeupe inafuata.

Ya hatari inashushwa mwisho. Kama maji yalikuwa yamefungwa, usishushe ukaacha mlingoti mtupu: funga ubao wa HAKUNA WAOKOAJI, USIINGIE MAJINI kwenye kila njia ya kuingilia, ndipo ushushe. Vitambaa vioshwe kwa maji baridi kutoa chumvi, vianikwe kivulini hadi vikauke kabisa kabla ya kukunjwa. Ukikunja mbichi, nyekundu inachujia kwenye njano, na asubuhi unakuwa na bendera ya kutupa.

#31 Nanga_Chini

Ahsanteni wote. Fundi, ukiweza tuwekee mchoro wa ule ufito na vipimo vya pindo, kuna watu wameniandikia inbox wanataka kushona za kwao.

#32 Fundi_Mlingoti

Kwa bendera ya sentimita 75 kwa 90: kata kitambaa kirefu kwa sentimita 8 zaidi upande wa juu, kunja sentimita 4 mara mbili, shona mistari miwili ya uzi wa poliesta, acha mdomo wazi upande wa mlingoti. Ufito uwe na unene wa milimita 8 hadi 10 na urefu wa sentimita 92, ili ncha ya sentimita 2 itoke nje ya mdomo. Toboa ncha hiyo, pitisha kamba, funga kwenye mlingoti. Upande wa pili ziba kwa mshono wa kwenda na kurudi mara tatu, maana ufito ukichomoka kwenye upepo mkali unaweza kumtoboa mtu jicho. Mchoro naupandisha kesho.